Tonge la Safari

Sogeeni, sogeeni. Mwenye karanga azimalize kabisa sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kusikia meno ya mtu. Wewe Kidawa, nimekuona, na hizo za mfukoni pia. Watoto msiwatoe nje. Hadithi yenyewe ni ya mtoto, na kama yeye aliyavumilia mwilini, hawa wa kwenu watayavumilia masikioni.

Palikuwa na wanawake watatu. Wa kwanza alikuwa na ini. Wa pili alikuwa na ulimi. Wa tatu alikuwa na usingizi. Mnacheka nini? Najua, kila mtu ana ini, kila mtu ana ulimi, na usingizi hata kuku anao. Ngojeni kwanza.

Mwenye ini aliitwa Mwantumu. Huyu alikuwa mkono wazi tangu utotoni. Ukimwomba chumvi anakupa na nazi juu yake. Ila akishakupa atakukumbusha hiyo nazi mpaka unatamani ungekula mboga chapwa. Alikuwa amevuka arobaini, hana mtoto, na alikuwa na mchumba mmoja, fundi cherehani mjane, aliyekwisha kuleta posa.

Mwenye ulimi aliitwa Riziki. Alikuwa mjane wa kaka yake Mwantumu, kwa hiyo hawa wawili ni mawifi, na nyinyi wenye mawifi mnajua. Ulimi wake haukujua kuongopa. Msidhani ni ucha Mungu, hapana, alikuwa ameumbwa hivyo tu. Ukimuuliza kama nguo yako mpya imekupendeza, jiandae kulia.

Mwenye usingizi aliitwa Kabula, daktari wa hospitali kubwa ya mjini. Kazi yake ni kumlaza mgonjwa anayepasuliwa, kumpumulia muda wote anapopasuliwa, kisha kumwamsha. Watu wanadhani ni kuchoma sindano na kukaa kando. Mtu aliyelazwa namna ile hapumui mwenyewe, hatetemeki akisikia baridi, wala hawezi kusema nakufa. Yote hayo anamfanyia daktari wa usingizi. Kabula aliwafanyia watoto wadogo, tena wale wa kubadilishwa ini, ambao madaktari wenzake waliwaogopa.

Mtaniuliza habari za mpasuaji. Mpasuaji alipigiwa makofi na picha yake ikabandikwa ukutani. Yeye ameshatunzwa, tumwache.

Sasa mtoto. Aliitwa Shomari, miaka minne, mwana wa Riziki na wa yule kaka marehemu. Alizaliwa mirija ya nyongo haijaumbika sawasawa. Nyongo ikakosa njia, ikabaki kwenye ini, ikawa inalila tangu akiwa mchanga. Walimpasua mara moja angali wa kunyonya, ikamsogeza mbele kidogo, basi. Alipofika miaka minne macho yalikuwa manjano, tumbo limefura, miguu vijiti. Na kuwashwa! Nyongo ikiingia kwenye damu, ngozi inawasha mchana kutwa na usiku kucha. Mama yake alimfunga vitambaa viganjani asijichune. Mtoto akilia, "Mama, nikune!" Riziki anamkuna kwa kiganja, anaogopa kutia kucha, na mtoto anampiga mateke kwa kumkuna vibaya. Ndiyo mapenzi waliyobaki nayo hayo.

Madaktari wakasema ini lile limekwisha. Apatikane mtu mzima mwenye damu inayopatana naye, akatwe kipande, mtoto apandikizwe, na la huyo mtu mzima litaota tena lenyewe. Wakampima Riziki, hapatani. Mjomba wa kwanza alikutwa ana homa ya ini. Mjomba wa pili alisema yuko njiani anakuja, na mpaka leo yuko njiani. Akapimwa Mwantumu, vipimo vikakubali vyote.

Mwantumu akamwita Riziki sebuleni kwake, mbele ya Mzee Mwinyikondo, mkubwa wa ukoo.

"Wifi, ini nitatoa," akasema. "Ila nisikilize vizuri. Kaka yangu hakuacha kitu duniani isipokuwa mtoto huyu. Wewe bado mbichi, kesho utaolewa, utambeba umpeleke akale kwa baba wa kambo. Sikubali. Nikimpa ini langu, mtoto ni wangu. Atakaa kwangu, mimi ndiye ataniita mama. Wewe utakuja kumwona sikukuu."

"Wifi, unaninyang'anya mwanangu," Riziki akasema.

"Nakunyang'anya nini ulicho nacho? Una maiti inayojikuna."

Naam, alisema hivyo. Mzee Mwinyikondo alijikohoza, lakini hakumkemea, kwa sababu mtoto alikuwa pale pale mkekani na kila mtu alikuwa akimwona. Riziki alimtazama mwanawe kwa muda. Kisha akashika msahafu akaapa: akiishi, ni wako. Akamfunga mtoto mgongoni wakaenda zao.

Siku ya kupasuliwa ikapangwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo Daktari Kabula alikuja wodini, akachuchumaa baina ya kitanda cha Mwantumu na cha mtoto, Riziki akiwa kando.

"Nisikilizeni nyote wawili," akasema. "Bi Mwantumu hali. Mtoto hali. Ikifika saa sita usiku hakuna kinachopita midomoni mwao. Usingizi wangu unalegeza kila kitu, hata mlango wa tumbo. Chakula kikiwamo kitapanda, kitateremkia mapafuni, na mtoto atazama ndani ya mwili wake mwenyewe mimi nikimwangalia. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," wakasema. Na kweli walielewa.

Usiku ule Shomari alidai uji mpaka sauti ikamkauka. Riziki alimkumbatia kwa nguvu ili asiporomoke kitandani kwenda kuomba wagonjwa wengine. Mtoto akamng'ata mkononi, meno yakaingia, naye hakumwachia. "Mama mbaya!" akalia. "Mama mbaya, nipe uji!" Wodi nzima ilisikia, wengine wakavuta shuka vichwani. Karibu na alfajiri mtoto alilegea akalala, Riziki akaenda mwisho wa korido kuswali.

Hapa ndipo mtakaposhika vichwa. Kwenye ukoo wa Mwantumu mtoto hatoki kwenda safari bila tonge la shangazi. Anakwenda jandoni, shangazi anamlisha. Anakwenda shule ya bweni, shangazi anamlisha tonge kizingitini, ndipo anabeba begi. Likimshuka kooni, atarudi. Kaka yake Mwantumu aliondoka nyumbani siku ya ajali kwa haraka, hakulishwa na mtu, na jioni akaletwa kwenye jamvi. Mwantumu hakuwahi kujisamehe, ingawa siku ile hata hakuwepo. Sasa mtoto wa kaka yake anakwenda safari kuliko zote, kwenda kulazwa akatwe tumbo. Aende bila tonge?

Mtasema daktari alikataza. Daktari alikataza chakula. Kwa akili ya Mwantumu, na ya mama yake, na ya bibi yake, tonge la safari si chakula, ni dua. Yeye mwenyewe alikuwa na njaa na hakulamba hata kidole, mnaona alivyotii! Akafungua chupa ya chai aliyoificha chini ya kitanda, imejaa uji wa ulezi na asali, akamimina kikombeni, akachota kijiko. Akamgusa Shomari shavuni. "Baba, amka. Tonge moja tu la shangazi, urudi salama. Mama usimwambie."

Tonge moja. Lakini mtoto ana njaa tangu jana, akadaka kijiko kwa mikono miwili yenye vitambaa. Akampa la pili. La tatu. Nyinyi nani kati yenu angekichomoa kikombe kinywani mwa mtoto yule? Alikunywa mpaka akakiangalia kitako. Mwantumu akamfuta midomo kwa khanga, akajilaza, na wahudumu wakaja wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Alikuwa ametulia kabisa. Yeye ndiye anayetangulia, apasuliwe, kipande kitengwe.

Riziki aliporudi alimkuta mtoto halii. Akainama kumbusu, akasikia asali. Akamwonja ukosi wa shati, ulezi, na kikombe kitupu kipo pale pale kando.

"Umekula nini, baba?"

"Shangazi kasema nisikwambie."

Haya, sasa ndiyo mwone ulimi wake. Riziki alijua uji ule unaweza kumuua mwanawe. Angesema, labda wangemponya. Na wakimponya, anakwenda kwa Mwantumu. Angenyamaza, mtoto angeweza kuzama kama alivyosema daktari, na akifa atamzika yeye, mama yake, kaburi likiwa lake na kilio kikiwa chake. Jua lilipokwisha kupanda muuguzi akaja, akauliza, "Hajala kitu?" Riziki hakujibu. Muuguzi akaona mama amechanganyikiwa, akaandika hajala. Wakaanza kusukuma kitanda, Riziki upande mmoja na muuguzi upande wa pili. Ni korido ndefu. Kimya. Wakapita maabara, wakapita kona ya vitanda vibovu. Kimya. Mtoto akacheua kidogo, akacheka.

Walipofika kwenye ule mlango ambao mama haruhusiwi kupita, Daktari Kabula alikuwa amesimama hapo na barakoa yake.

"Mama Shomari, mtoto ametia kitu mdomoni?"

Riziki akafumba macho. "Amekunywa uji," akasema. "Kikombe kizima. Alfajiri."

Daktari aligeuka kumtazama muuguzi, muuguzi akatazama sakafu. Ndani walishamfungua Mwantumu na walikuwa wanatenganisha kipande. Ini likishatengwa halingoji watu wafikirie. Na hata kungoja kusingefaa kitu, tumbo lililofura namna ile halishushi chakula upesi.

"Ulijua tangu wodini?" daktari akauliza.

"Nilijua."

"Ukasukuma kitanda mpaka hapa."

"Ndiyo."

"Ondoa mkono wako kitandani," daktari akasema. Mkono haukutoka, akaubandua yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, na mlango ukafungwa.

Sasa mje kwa mwenye usingizi. Mtoto wa kawaida wanampumbaza kwanza, anaambiwa apulize puto, anasinzia akicheka. Shomari hakupata hayo. Mwenye tumbo lililojaa analazwa ghafla, dawa inaingia, kidole kinakandamiza koo, mrija unashushwa kwenye njia ya hewa kabla tumbo halijajua mtu amelala. Mtoto alimwona mwanamke aliyefunika uso anamshika shingo, akapiga ukelele mmoja, ukakatikia katikati. Na uji ukapanda. Ulikuja wa kahawia wenye povu mpaka kwenye ulimi. Kabula alimpindua kichwa, akaufyonza kwa mpira, akaufyonza tena, akaona njia ya hewa kidogo tu, akapitisha mrija. Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasimulia mazishi. Nawaambia wenzake waliokuwapo walisema hawajui kama wao wangeipata njia ile ya hewa.

Kisha wakamtoa ini bovu. Mtu asiye na ini sukari yake inakwisha, damu yake haigandi, mwili unapoa. Kabula alimfunga pamba miguu na mikono, akapasha moto damu kabla ya kumpa, akawa anampimia sukari na kumwongezea, akimwangalia kama mpishi aliyeachiwa sufuria la maziwa. Kile kipande cha Mwantumu kikaletwa kwenye barafu, kikashonwa. Mpasuaji akasema, "Naachia damu." Akaachia.

Damu ya baridi ikatoka kwenye ini jipya ikaenda moja kwa moja moyoni. Moyo ukasimama.

Haukuyumba, haukupungua, ulisimama. Mpasuaji akainua mikono. Kabula akaweka kiganja kifuani pa mtoto akaanza kusukuma, huku akitaja dawa, huku mwenzake akizisukuma kwenye mshipa. Ubavu mmoja ukalia. Akaendelea juu ya ubavu huo huo. Wauguzi walianza kutazama saa, na mmoja akasema kwa upole, "Daktari..." Kabula akamwambia, "Ukisema tena toka nje." Akasukuma mpaka jasho lake likamdondokea mtoto usoni. Na moyo, sijui kwa dawa, sijui kwa kiganja, sijui kwa kuogopa yule mwanamke, ukapiga. Ukapiga tena. Ini likaanza kubadilika rangi, likawa jekundu, na nyongo ikachuruzika njano safi.

Siku kadhaa baadaye walimtoa mrija. Riziki aliruhusiwa kuingia, amevaa gauni la hospitali lililomzidi. Macho ya mtoto yalikuwa meupe. Yeye hakuwa amewahi kuyaona meupe tangu amzae. Akasema, "Baba yangu," akanyoosha mkono kumgusa.

Shomari akamwangalia. Akageuzia uso ukutani. "Sikutaki," akasema kwa sauti ya mikwaruzo. "Uliniminya ukaninyima uji. Namtaka shangazi."

Nilisema watoto wasitolewe. Sikusema hawatalia.

Na Mwantumu? Msimwonee kijicho. Kidonda chake kilitunga usaha, akapasuliwa mara ya pili, akatoka hospitali amepinda upande mmoja, hawezi kuinua hata ndoo nusu. Fundi cherehani alikuja kumtazama na khanga mbili mpya mkononi. Akaona mshono unaopita tumboni kutoka ubavu huu mpaka ubavu ule, akamtakia afueni, akarudi na khanga zake. Posa nyingine haitakuja pale, na yeye anajua. Alichobaki nacho ni lile kovu na kile kiapo.

Mtoto akapona wa kuruhusiwa kutoka. Lakini ini la kupewa mwili unalikataa, unapigana nalo kila siku, kwa hiyo kuna dawa ya kuutuliza mwili, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Ukiruka siku mbili tatu, mwili unalila ini. Ukimpa mtoto majani ya mitishamba juu yake, hali kadhalika. Tena apimwe damu mara kwa mara, pale pale mjini.

Basi kikao kikakaa, katika ukumbi mdogo wa hospitali, siku ile ile ya kumruhusu, maana hospitali inamkabidhi mtoto kwa mtu mmoja tu anayejua dawa zake na kubeba dhamana. Mzee Mwinyikondo alikaa mbele. Mtoto alikaa sakafuni anachezea gurudumu la kiti cha wagonjwa.

Mwantumu akaanza, ameshika ubavu. "Mzee, wewe ni shahidi wa kiapo. Mimi nimetoa nyama yangu. Nimeachwa kwa ajili yake. Kwangu ni mjini, kutoka hapa unafika kwa miguu. Mtoto mwenyewe amesema ananitaka mimi. Kuna kilichobaki cha kuzungumza?"

"Umemlisha uji," Daktari Kabula akasema.

"Nilimlisha tonge la safari, na amerudi! Hamwoni amerudi?"

Daktari akafumba macho kidogo, nadhani alikuwa anahesabu ili asitukane. "Na kesho ukiambiwa dawa haipatani na kitu fulani, na nyinyi mkawa na desturi ya kitu hicho?"

"Desturi ni desturi," Mwantumu akasema. Alisema kweli, asingeongopa hata kwa faida yake.

Riziki akasimama. "Mimi nimeapa, sikatai. Lakini mniambie, nani aliyemponya mlangoni? Ningefunga mdomo, wifi ini angelitia wapi, na daktari moyo angeusukuma wa nani? Nimemnyima uji akiniuma kwa sababu niliambiwa nimnyime. Mkiniambia dawa saa moja, nitampa saa moja mpaka nife. Hakuna kati yenu anayefuata maneno ya daktari kama mimi."

"Unakaa wapi?" Mzee Mwinyikondo akamuuliza, ingawa alijua.

"Mlimani."

"Mvua zikinyesha, gari inafika?"

Riziki ulimi wake mnaujua. "Haifiki," akasema. "Wakati wa masika tunakaa hata mwezi haifiki. Mjini sina pa kulala ila kwa wifi."

"Na kwangu hakuna mama wawili," Mwantumu akadakia. "Tena muulizeni, Mzee, muulizeni mbele ya mtoto. Kwa nini hakusema wodini? Kwa nini alinyamaza korido nzima mpaka mlangoni? Alikuwa anangoja afe akiwa wake!"

Watu wote wakamgeukia Riziki. Angeweza kusema alichanganyikiwa, na kila mtu angemwamini, mama gani hachanganyikiwi? Akasema, "Ni kweli. Pale koridoni nilitaka afe akiwa wangu. Nilipofika mlangoni nikataka aishi." Akakaa, akafunika uso kwa ushungi.

Sasa Daktari Kabula. Watu walidhani amekuja kutoa maelezo ya dawa. Akasema, "Mpeni mimi."

"Wewe?" Mzee Mwinyikondo akashangaa. "Daktari, wewe si wa ukoo. Hata kabila si letu."

"Mzee, mimi nimewalaza watoto kama huyu wengi, nikawaamsha, nikawakabidhi kwa ndugu zao kwa mikono yangu. Wanarudishwa wakiwa njano. Mmoja bibi alisema dawa zinamchosha. Mmoja baba alisafiri nazo. Wengine hawarudishwi kabisa, napata habari tu. Nimechoka kuwaamsha watoto ili nyinyi mkawazike. Huyu alikuwa ameshakwenda, nilimrudisha na kiganja changu hiki, na sitamtoa tena. Naishi ndani ya uzio wa hospitali. Kwangu hatakosa dawa hata siku moja."

"Na nani atakaa naye ukiwa chumba cha upasuaji kutwa?" Riziki akauliza chini ya ushungi.

"Dada wa kazi."

"Atamwita nani mama?"

Hilo daktari alikuwa hajalifikiria. Mara hiyo hiyo Shomari aliona watu wamenyamaza, akaacha gurudumu, akatazama nyuso zao moja moja, kama mtoto anayejua anazungumzwa yeye. Akauliza, "Nimefanya nini?"

Muuguzi aliingia na kifuko cha dawa, akasema saa ya dawa ya jioni imefika, na kuanzia leo dawa hii atampa yule anayeondoka naye. Akanyoosha mkono na kifuko hewani, akangoja. Mzee Mwinyikondo akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Wanawake watatu wakasimama kwa pamoja.

Basi, mimi nimefika hapo, na sisogei. Msiniangalie hivyo, si mimi niliyeapa na si mimi niliyepika uji. Na asitokee mjanja hapa wa kuniambia washirikiane, watatu hawa hawakai chumba kimoja, mmewasikia wenyewe. Mkimrudisha mlimani, masika inakuja. Mkimpa mwenye ini, ndiye mwenye desturi. Mkimpa mwenye usingizi, ataishi, na kila mtu aliyempenda atamwona kwenye uzio. Mtoto ni mmoja, kifuko ni kimoja, mkono wa muuguzi unachoka.

Nataka jina moja. Wewe hapo, naam wewe, mpenda hadithi: ungemkabidhi nani? Na ukishalitaja hilo jina, mimi sitalibeba. Inuka wewe mwenyewe, nenda pale walipo, ukawaambie wale wawili.